Mashoto

Mgeni alifika kambini Naguru siku ya mshahara,
kwa hiyo tulimdhania mdai.
Alipita kati ya yunipoti zetu, vile vibanda vya bati vya duara
vilivyoachwa na Mwingereza, akiuliza kwa Kiswahili cha kitabu:
"Yu wapi Konstebo Onzima, bondia?"

Baba alikuwa anaosha gambuti.
"Bondia alikufa," alisema. "Mimi ni nduguye, wa getini."

Basi kikatolewa kisanduku.
Ndani ya kisanduku mahameli, ndani ya mahameli plastiki,
ndani ya plastiki jua dogo, upana wa kifuniko cha soda.
Mama akaacha kuchambua maharage.
"Msiguse," mgeni alisema, "vidole vina mafuta,"
na sisi tulioishiwa mafuta tangu Jumanne
tukavitazama vidole vyetu kwa heshima.

Upande mmoja korongo wa taifa, mguu juu,
na maneno: SHILINGI ELFU MOJA.
Upande wa pili, bondia.
Kifua wazi, ngumi mbele, na chini yake mwaka
ambao baba alikwenda ng'ambo na timu
akarudi na koti moja na jino pungufu.
"Huyu ni wewe. Walichora kutoka picha ya gazeti."

Elfu moja! Dada yangu Ayikoru akapiga hesabu:
chapati moja, kavu, bila yai.
Kikomando hupati, labda muuzaji akukopeshe maharage.
Mgeni akacheka kwa upole, akataja bei ya mnadani,
na mama akaketi.
Ilizidi mishahara yote ya baba tangu aapishwe
hadi asubuhi hii ya gambuti.

"Nani alilipwa?"
Kiwanda, alisema mgeni. Kiko mbali, kwenye theluji.
Nchi huwakodisha jina lake
kama mtu anayekodisha suti yake ya harusi;
ikirudi, mifuko mitupu.
Hakuna hata sarafu moja ya aina hii iliyowahi kulala Kampala.
Na dhahabu, ya wapi? Hakujua.
Mama alijua. Ya Busia, alisema,
maana dada yake kule mashimoni anakohoa vumbi
na hakuna aliyemchora.

Baba hakuwa akisikiliza.
Ameinamia kile kijua kama anayesoma bila miwani.
"Pua hii imenyooka. Yangu ilibaki Tororo,
raundi ya pili, kwa fundi mmoja wa Reli."
Kisha, baada ya kimya:
"Na huyu ametanguliza kushoto.
Mimi ni mashoto. Natanguliza kulia, kushoto naficha.
Kushoto ndiko nilikoficha kila kitu."

Mgeni akafungua cheti, akatoa kalamu.
Sahihi ya mwenye sura, alisema, huongeza thamani.
Baba akaipokea kwa mkono uleule
uliochapwa fito shuleni Arua ili usiandike,
akaandika jina lake, kubwa, likipanda mlima.
Akapewa elfu hamsini na pakiti ya biskuti.
Aliomba jambo moja: aipime kiganjani.
Mgeni alisita, akamruhusu, ndani ya plastiki yake.
"Nzito," baba alisema, akairudisha
kama anayerudisha mtoto wa watu.

Usiku upepo ulipiga bati
na medali yake ya shaba ikagonga mlango,
pale tulipoining'iniza iwe uzito, mlango usifunguke.
Niliamka. Alikuwa mbele ya kioo cha kunyolea,
fulana imetoboka, kandili sakafuni.
Akatanguliza kulia, polepole.
Mle kiooni mzee mmoja akatanguliza kushoto.
Walitazamana muda mrefu,
kila mmoja akimngoja mwenzake apige.